Kaye ya Seva: Namna Tunavyopokea Habari za Hatari za Mtandao Wetu



Wengi wametuuliza mbele ya klasi na hata njiani: «Ile mashini ndogo iko inawaka usiku na mchana katika chumba cha informatiki, kazi yake ni nini? Haina ekrani, haina mtu mbele yake, na inakula moto ya batiri za jua bure.» Leo sisi wa kundi la informatiki tunajibu. Kazi yake ni kusikia na kuandika. Tunajibu sasa juu ya jambo moja lililotokea muhula huu, ambalo wengi wenu mlisikia nusu yake tu. Ni vizuri mlisikie lote, hata ile sehemu inayotutia haya sisi wenyewe.

1. JAMBO LENYEWE

Siku ya posho moja, asubuhi, sekretere alifika katika biro na kukuta mashini yake imezimika. Alipoiwasha, ile faili ya pointi za klasi ya nne ilikuwa imeharibika. Kazi ya siku mbili ilipotea. Karibu na onduleri (lile sanduku la batiri linaloshikilia mashini wakati moto inakatika) alikuta chajeri ya simu ya Papa Zamu, mlinzi wetu wa usiku, imechomekwa ukutani.

Basi hesabu ilifanywa haraka. Moto ilikuwa inawaka vizuri asubuhi. Chajeri ilikuwa pale. Kwa hiyo wakubwa walisema kama Papa Zamu alichomoa onduleri usiku kusudi apate nafasi ya kuchomeka simu yake, kisha akarudisha. Walimwita saa tatu. Wengi tayari walisema kama atarudishwa kwake siku hiyo hiyo, yeye aliyelinda masomo haya tangu sisi tulipokuwa klasi ya kwanza.

Alisema hivi: «Chajeri ni yangu, niliichomeka jioni, tundu moja lilikuwa wazi. Lakini onduleri sikugusa. Moto ilikufa yenyewe, saa saba ya usiku. Ile mashini ikalia bip, bip, mpaka karibu saa nane, kisha ikanyamaza. Nikaandika katika kaye yangu ya zamu.»

Kweli, katika kaye yake iliandikwa kwa bik: saa saba, moto hakuna. Lakini nani atasadiki kaye ya mtu anayejitetea? Ndipo Bwana Prefe akatutuma: «Ninyi mnasema ile seva yenu inaandika kila kitu. Mlete ilichoandika.»

Mbele ya kuwaambia tuliyoleta, ni lazima tueleze namna vyombo vinavyosema.

2. VYOMBO VINASEMA

Katika mtandao wetu, ile tunaita reso, kuna vyombo vichache: swichi, ndicho kisanduku chenye matundu ya kuunganisha kable zote, onduleri yenye kadi ya mtandao, kisanduku cha redio katika internat ya wasichana, mashini ya sekretere, na seva. Kila chombo kinajua hali yake. Swichi inajua kama kable ya tundu la 7 imekufa. Onduleri inajua kama sasa inakula batiri. Swali ni hili: inajua, lakini inamwambia nani?

Kuna njia mbili za kujua habari. Ya kwanza ni kwenda kuuliza, sawa na mwalimu anayeita majina kila saa. Ya pili ni kungoja mwenye shida apige kelele. Ukiuliza kila dakika tano, shida ya dakika mbili inaweza kupita katikati na usiione. Ukingoja kelele, unaipata palepale, ila kama mwenye shida amekufa ghafula hawezi kupiga kelele. Kwa sababu hiyo watu wenye akili wanatumia zote mbili.

Kwa kupiga kelele vyombo vina lugha mbili zinazojulikana sana. Moja inaitwa SNMP. Kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1988. Ujumbe ambao chombo kinatuma chenyewe bila kuulizwa unaitwa trapu. Nyingine inaitwa sislogu. Hiyo ilianzishwa na Eric Allman katika miaka ya 1980, kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, kwa ajili ya programu yake ya barua. Watu wengine waliipenda, wakaitumia kwa mambo yao, na leo karibu kila chombo cha mtandao kinaijua.

Wazee wetu hawawezi kushangaa. Karibu na Kisangani, Walokele walikuwa wakituma habari kwa ngoma ya mti kutoka kijiji mpaka kijiji. Mmisionere Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1949. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yana sauti zilezile. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja peke yake, anaongeza msemo mrefu unaojulikana, kusudi msikilizaji asikosee. Mgeni asiyejua misemo ile anasikia kelele tu. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

3. MLANGO NA MWENYE KUPOKEA

Ujumbe ukitumwa, ni lazima uwe na pa kuingilia. Seva moja ina milango mingi yenye namba. Trapu zinaingia kwa mlango wa 162. Ujumbe wa sislogu unaingia kwa mlango wa 514. Lakini mlango peke yake haupokei mtu: ndani lazima awepo mwenye kupokea. Huyo ni programu isiyolala. Kwa trapu sisi tunatumia ile inayoitwa snmptrapd, ya mkusanyo wa Net-SNMP. Kwa sislogu tunatumia rsyslog. Zote mbili ni za bure, na zinakaa juu ya Linux.

Tulipoanza, tulikosea mara tatu. Tunaandika makosa hayo kwa sababu atakayefuata nyuma yetu atayakuta.

Kosa la kwanza: programu ilikuwa tayari, lakini ukuta wa ulinzi wa seva ulifunga mlango wa 162. Trapu zilifika nje na kufa pale.

Kosa la pili: tulifungua mlango, na bado hakuna kitu. Kumbe tangu toleo la 5.3, snmptrapd inakataa kila mtu asiyeruhusiwa kwa maandishi. Ni lazima kuandika katika faili ya kanuni zake mstari mmoja hivi:

authCommunity log,execute neno-letu-la-siri

Maana yake: anayekuja na neno hili, habari yake iandikwe, na tena iweze kuamsha programu nyingine. Bila mstari huu mpokeaji anakaa kimya kama zamu asiyejua jina lako.

Kosa la tatu: tuliacha neno la siri likiwa «public», lile vyombo vingi vinatoka nalo kiwandani. Hiyo si siri, dunia nzima inalijua.

Kwa rsyslog kazi ilikuwa ndogo: kuiambia ifungue sikio lake kwenye mlango wa 514, na kwamba kila chombo kiwe na faili yake. Kisha tulijaribu. Tulichomoa kable moja mchana, kwa ruhusa, na kutazama kama habari inafika. Ndugu, usisadiki kaye ambayo hujaijaribu. Chomoa kable mwenyewe, uone mstari unaandikwa, ndipo ulale.

4. KAMUSI YA NAMBA

Trapu haiji na maneno mazuri. Inakuja na namba. Tundu la swichi likifa, trapu inasema: 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3. Ukiwa huna kamusi, ni kelele ya ngoma kwa mgeni. Kamusi hizo zinaitwa MIB, ni faili za maandishi zinazowekwa ndani ya seva. Ukiwa nayo, seva inakuandikia linkDown, maana yake kiungo kimekufa. Ile namba ikiishia na 4 pahali pa 3 ni linkUp, kiungo kimerudi. Ikiishia na 1 ni coldStart: chombo kimeanza upya. Onduleri nazo zina kamusi yao ya wote, iliyotolewa mwaka 1994. Ndani yake iko trapu ya kusema «sasa ninakula batiri», na kanuni inaagiza irudiliwe kila dakika moja mpaka moto irudi au onduleri izimike. Mkumbuke hii pia.

Sislogu inakuja na maneno, lakini mbele yake kuna namba moja ndani ya alama mbili, kwa mfano <187>. Hapa tunahitaji hesabu ya klasi ya tano ya msingi. Gawanya 187 kwa 8: unapata 23, na inabaki 3. Ile 23 inaonyesha habari inatoka upande gani. Ziko pande 24, kutoka 0 mpaka 23, na 23 ni moja ya zile zilizoachwa wazi kwa matumizi ya kila mmoja. Vyombo vingi vya mtandao vinaitumia. Ile 3 inayobaki ni uzito wa habari. Uzito una ngazi 8:

0 – chombo hakifai tena kabisa
1 – tengeneza sasa hivi
2 – hali ni mbaya sana
3 – kosa
4 – onyo
5 – jambo la kawaida lakini la kuangalia
6 – habari tu
7 – maneno ya fundi anayetafuta kosa

Muangalie vizuri: namba ndogo ndiyo hatari kubwa. Wengi wanakosea hapo. Kwa hiyo <187> ni kosa, la ngazi ya 3. Mwenye kutaka kujizoeza ahesabu <34> na <191>. Majibu yako mwisho.

5. KILE SEVA ILIANDIKA USIKU ULE

Sasa turudi kwenye biro. Seva yetu haikuzimika usiku ule, kwa sababu inakula batiri za jua, haitegemei moto ya mstari. Tulitoa karatasi kwa mashini ya kuchapa, tukampelekea Bwana Prefe. Iliandikwa hivi, kwa kifupi:

00:12:06 – swichi: tundu la 7 limekufa
00:12:09 – onduleri: ninakula batiri
00:13:09 – onduleri: ninakula batiri
(na hivyo hivyo kila dakika)
00:50:09 – onduleri: ninakula batiri
00:50:40 – seva yenyewe: kable yangu ya kwenda swichi imekufa
(kimya)
04:40:31 – seva: kable yangu imerudi
04:41:12 – swichi: nimeanza upya
04:41:20 – onduleri: nimeanza upya

Sisi tulifikiri mambo yamekwisha. Lakini Bwana Ekonome alisoma karatasi na kutikisa kichwa: «Kaye ya mashini inasema saa sita na dakika 12. Papa Zamu anasema saa saba. Mashini haiwezi kusema uongo. Ni mtu ndiye anasema uongo.»

Ndugu wasomaji, hapo tulipata baridi moyoni. Tulileta karatasi kusudi imtetee, na sasa ilikuwa inamshitaki.

6. SAA YA NANI?

Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja wa klasi ya tano ambaye hakusema kitu tangu mwanzo. Alionyesha kwa kidole kichwa cha karatasi. Juu yake seva iliandika saa ilipochapa: 08:20. Lakini kengele ya saa tatu ilikuwa imelia zamani, na saa ya ukutani nyuma ya Bwana Prefe ilionyesha saa tatu na dakika 24. Karatasi ilikuwa imechapwa dakika nne tu. Basi seva ilikuwa nyuma kwa saa moja kamili.

Sababu yake ni nini? Seva yetu inapata saa kupitia mtandao kwa njia inayoitwa NTP, kanuni ambayo David Mills wa Marekani aliitoa mara ya kwanza mwaka 1985. Njia hiyo ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini NTP inaleta saa ya dunia nzima, ile UTC, na ni juu ya mwenye seva kuiambia iongeze saa ngapi. Kongo yetu ina saa mbili: Kinshasa na magharibi ni UTC na saa 1, huku mashariki, pamoja na Katanga na Kasai, ni UTC na saa 2. Tulipoweka programu, ilituuliza: Africa/Kinshasa ao Africa/Lubumbashi? Tuliona neno Kinshasa, mji mkubwa wa inchi yetu, tukabonyeza. Kosa lilikuwa letu sisi, wala si la mashini.

Kwa hiyo 00:12 ya seva ni 01:12 ya kwetu, ndiyo saa saba na dakika 12 ya usiku. Na 00:50 ni saa saba na dakika 50, «karibu saa nane» kama alivyosema Papa Zamu. Kaye mbili, ya bik na ya seva, zilisema neno moja. Iliyokosea saa ni ile yetu.

Kuna jambo lingine la saa. Baada ya swichi kuanza upya, ujumbe wake wa kwanza ulikuja na tarehe ya 1 Januari, na sisi tulikuwa tumekwisha kupita mbali na Januari. Swichi hiyo haina batiri ya saa, ikizimika inasahau siku. Na namna ya zamani ya kuandika sislogu, iliyoelezwa katika kanuni ya mwaka 2001, haiandiki mwaka wala haisemi saa ni ya pande gani za dunia. Kanuni mpya ya mwaka 2009 inaandika vyote viwili. Trapu nayo haileti tarehe kabisa: inaleta tu muda tangu chombo kilipoanza, kwa sehemu za mia za sekunde. Ni kwa sababu hiyo mpokeaji lazima aandike saa yake mwenyewe ya kupokea, kando ya saa ambayo chombo kinadai. Sisi tunaandika zote mbili.

7. USHUHUDA WA TUNDU LA 7

Lakini saa kupatana haikutosha. Bwana Ekonome, na alikuwa na haki, alisema: «Sawa, ilikuwa saa saba. Labda ni saa saba ndipo alipochomoa.» Kweli, onduleri haijui kama moto imekatika mjini ao kama mtu amechomoa kable. Kwake ni kitu kimoja.

Ndipo tukaonyesha mstari wa kwanza. Tundu la 7 linakwenda katika internat ya wasichana, kwa kisanduku cha redio kisicho na batiri yoyote. Moto ikikatika kule, kinakufa palepale. Kilikufa kwenye sekunde ya 6 ya dakika ile ya 12, sekunde tatu tu mbele ya onduleri kulia. Kutoka internat mpaka biro ni hatua themanini, na milango miwili yenye kufuli. Hakuna mtu anayeweza kuchomoa hapa na pale kwa sekunde tatu. Moto ilikatika nyumba zote mbili kwa pamoja.

Je, labda mtu alishusha disjonkta kubwa ya masomo? Disjonkta iko ndani ya biro ya Bwana Ekonome mwenyewe, na ufunguo analala nao. Alicheka kidogo, akanyamaza. Kisha Bwana Prefe alituma mtoto mmoja ng'ambo ya barabara kwa mama anayekaanga mikate, ambaye hatumii mstari wa disjonkta yetu. Mama akajibu: «Moto? Mimi niliamka saa tisa kukanda unga, nikawasha mshumaa. Ilirudi karibu kucha.»

Tunataka mjue jambo hili: kaye ya seva haikumaliza neno peke yake. Ilituonyesha ni swali gani la kuuliza, na tumwulize nani.

Bwana Prefe alisimama, akamwambia: «Papa, utusamehe. Tulihukumu mbele ya kusikia.» Papa Zamu alijibu neno moja tu: «Ni sawa, mtoto wangu.» Kisha akaomba chajeri yake.

8. UJUMBE UNAOPOTEA

Kutoka 00:12 mpaka 00:50, ukihesabu yote, ni ujumbe 39. Sisi tulihesabu 38. Ule wa 00:31 haupo. Ulikwenda wapi?

Trapu na sislogu ya kawaida zinasafiri kwa njia inayoitwa UDP. Ni sawa na kumtupia mwenzako barua kupitia dirisha na kuendelea na safari. Hujui kama aliiokota. Njia hiyo ni nyepesi, haichoshi chombo, na inafaa wakati mtandao unaumwa, lakini haileti jibu. Kwa hiyo kuna ujumbe wa namna ya pili, unaoitwa informu, ulioletwa na SNMP ya pili: mpokeaji lazima ajibu «nimepata», na asipojibu, mtumaji anatuma tena. Kwa habari kubwa tumia informu kama chombo chako kinaijua. Na kwa trapu, usiseme kamwe «haikuandikwa, basi haikutokea.» Kimya si ushuhuda.

9. KAYE ISIYOSOMWA

Sasa ile sehemu ya haya. Nani aliharibu pointi za klasi ya nne?

Mashini ya sekretere ilikuwa inawaka usiku kwa sababu ni sisi tuliomwomba aiache hivyo, kusudi tufanye kopi za faili wakati watu wamelala. Onduleri iliishikilia dakika 38, kisha batiri ikaisha na mashini ikaanguka kazi ikiwa wazi. Na wakati wa dakika hizo 38 onduleri iliita mara 39, seva ikaandika mara 38, na hakuna mtu aliyesoma hata mara moja. Aliyesikia ni Papa Zamu peke yake, na yeye hatukumfundisha kama bip-bip ina maana gani.

Kuandika bila kusoma ni sawa na kupiga ngoma katika kijiji kilichohama. Basi tulibadilisha mambo matatu.

Kwanza, katika snmptrapd kuna agizo linaitwa traphandle: trapu fulani ikifika, programu fulani inaamka. Sasa onduleri ikisema «ninakula batiri» mara tano zikifuatana, seva inaamuru mashini ya sekretere ifunge kazi na izimike yenyewe kwa utaratibu. Zile dakika zinazobaki zinatosha kabisa.

Pili, habari za ngazi 0 mpaka 3 zinakwenda katika faili yao ya peke yao, na mmoja wetu anaisoma kila asubuhi mbele ya kengele ya kwanza, anatia jina lake katika kaye ya karatasi. Zile za ngazi 6 na 7 tunaziacha kando. Ukichanganya yote pamoja, habari moja ya kweli inazama katikati ya maneno elfu ya bure, na nyuma ya juma moja hakuna anayesoma tena.

Tatu, tulikwenda kwa Papa Zamu na kumweleza: bip ikianza, andika saa, na ugonge kwa mlango wa mwalimu wa informatiki. Yeye ni sehemu ya mtandao wetu sawa na swichi, tena yeye ana akili ya kuuliza.

10. KUITUNZA KAYE

Kaye inajaa. Diski ikijaa, seva inaweza kukataa kuandika, hata kusimama. Programu ya logrotate inafunga faili ya zamani kila juma, inaikamua iwe ndogo, inaanza mpya. Sisi tunaweka juma 52, ndiyo karibu mwaka mzima wa masomo na likizo zake.

Tena kaye isikae ndani ya chombo kile kile inachokisema. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, Clifford Stoll aliombwa kutafuta kosa la senti 75 katika hesabu ya matumizi ya mashini. Senti 75 tu! Alipofuata, alikuta mtu anaingia kwa siri kutoka mbali. Stoll alifunga mashini za kuchapa kwenye mistari ya kuingilia, zikaandika juu ya karatasi kila neno mgeni alilopiga. Mwizi anaweza kufuta faili ndani ya mashini aliyoivamia, lakini hawezi kufuta karatasi iliyo katika chumba kingine. Mwizi alionekana katika mji wa Hannover, Ujerumani.

Mwisho, kwa UDP mtu anaweza kutuma ujumbe wa uongo kwa jina la chombo kingine. Kwa hiyo seva yetu inapokea tu kutoka adresi tunazozijua. Na SNMP ya tatu, iliyothibitishwa mwaka 2002, inamtaka mtumaji ajulishe kweli yeye ni nani, na inaweza kufunika maneno yake. Mwaka ujao tunataka kuhamia huko, kama vyombo vyetu vitakubali.

Tunamaliza hapa. Yeyote anayetaka kuona kaye hiyo kwa macho yake apite chumba cha informatiki siku ya tano mchana. Saa ya seva sasa ni ya kwetu. Na kando ya mlango utakuta kaye ya pili, ya karatasi, ya Papa Zamu. Tumeomba ikae pale, na kila juma tunazisoma mbili kwa pamoja.

Majibu: <34> ni upande wa 4, uzito 2. <191> ni upande wa 23, uzito 7, na hakuna namba inayopita hiyo.

Ni sisi,
Kundi la informatiki